Rama Moja Ilitosha

Mwaka 1973 Arthur C. Clarke alitoa Rendezvous with Rama, riwaya ya sayansi ya kubuni kuhusu chombo cha ajabu kinachokatiza mfumo wetu wa jua kama mgeni anayepita uani bila hodi wala kwaheri. Wenye chombo, Warama, hawaonekani kamwe, hata ukurasa wa mwisho. Kitabu kikazoa Hugo na Nebula, tuzo kubwa za sayansi ya kubuni. Miaka 16 baadaye mgeni akarudishwa kwa nguvu na kuhojiwa kwa vitabu vitatu mfululizo: Rama II (1989), The Garden of Rama (1991) na Rama Revealed (1993).

Lawama ya kawaida ni kwamba vitabu hivi vya mwendelezo vimejaa mambo ya mapenzi na ugomvi wa kifamilia. Ni kweli vimejaa, lakini hapo sipo vilipovunjikia. Vilibadilisha kitu kinachomfanya msomaji afunue ukurasa unaofuata.

Tazama kitabu cha kwanza kinavyofanya kazi. Rama ni pipa lenye urefu wa kilomita 50 na upana wa kilomita 20, na linajizungusha mara moja kila dakika nne hivi. Upana wa ndani ni kilomita 16. Chukua kalamu upige hesabu: anayesimama kwenye ukuta wa ndani atahisi uzito unaozidi kidogo nusu ya ule wa duniani. Katikati kuna bahari inayozunguka pipa lote kama mkanda, awali ikiwa barafu tupu. Ukingo wake wa kaskazini (ncha moja ya pipa huitwa kaskazini, nyingine kusini) una kimo cha mita 50 tu. Wa kusini una mita 500. Kwa nini tofauti hiyo? Weka ndoo ya maji nyuma ya pikapu, kisha dereva akanyage mafuta ghafla: maji yanarundikana upande wa nyuma. Basi aliyejenga ukuta ule wa kusini alijua chombo kitaongeza kasi kuelekea kaskazini, hata kama hakuna injini yoyote inayoonekana.

Baadaye ukuta huohuo unarudi na kazi nyingine. Jimmy Pak, kijana wa timu ya wanaanga wanaoichunguza Rama, aliyerukia kusini kwa baiskeli yake yenye mabawa, anakwama huko bila njia ya kurudi. Lazima aruke mita 500 hadi majini. Kwa uzito ule mdogo, na shati likishika hewa, anapona. Ukuta mmoja, fumbo moja, wokovu mmoja, na msomaji alikuwa na vipimo vyote mkononi tangu mapema. Ndivyo ilivyo hata kwa dhoruba: chombo kinapolikaribia jua hewa ya ndani inapata joto, barafu inayeyuka kuanzia chini, na wanasayansi wanawaonya wanaanga kabla upepo haujaanza.

Sasa fungua Rama II. Clarke aliungana na Gentry Lee, mhandisi wa safari za anga aliyeshiriki mradi wa Viking wa kwenda Mars, na Lee ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya uandishi. Ungetarajia hesabu ziongezeke. Badala yake tunapewa wasifu wa wanaanga 12, kurasa kwa kurasa, kabla mlango wa Rama haujafunguliwa. Nicole des Jardins ni daktari, aliwahi kushinda medali ya Olimpiki, ana mtoto wa siri na mwana wa mfalme wa Uingereza, na mama yake ni Msenufo wa Ivory Coast. (Huo upande wa Kiafrika, kwa bahati mbaya, umepewa mganga mzee, kichupa cha dawa na utabiri. Tumeshauona sana.)

Watetezi husema Clarke hakujua kuchora watu, na hilo ni sahihi: Kamanda Norton, kiongozi wa wanaanga wa kitabu cha kwanza, hana sura nje ya sare yake. Lakini dawa waliyopewa wahusika wapya ni historia ndefu, siyo maamuzi magumu. Katika The Garden of Rama watu 2,000 wanawekwa kwenye makazi ya New Eden, na kufumba na kufumbua tuna majambazi, kasino na dikteta. Siasa hizo zingeweza kutokea mji wowote; kuta za Rama zimebaki mapambo. Nawasifu octospider, viumbe wageni kama buibui wenye miguu minane, wanaozungumza kwa mistari ya rangi inayopita kichwani. Hapo angalau kuna fumbo la kufumbua.

Mwendelezo wenye sababu unawezekana. Mwandishi Larry Niven alitoa riwaya ya Ringworld mwaka 1970: pete inayozunguka nyota nzima. Mwaka 1971, kwenye kongamano la mashabiki huko Boston, wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT walipita wakiimba kwamba pete hiyo haiwezi kutulia. Walikuwa sahihi: ikisukumwa kidogo pembeni, inaendelea kuteleza hadi igonge nyota. Niven akaandika The Ringworld Engineers, ambamo injini za kuirekebisha zipo ukingoni, ila wenyeji walizing'oa na kuzifunga kwenye meli zao. Kuna hitilafu, kuna chanzo, kuna kazi ya kufanya. (Kitabu cha tatu, The Ringworld Throne, kilipoteza njia vilevile.)

Na ile sentensi ya mwisho ya kitabu cha 1973, kwamba Warama hufanya kila jambo kwa tatu tatu, Clarke alieleza kuwa aliiongeza dakika za mwisho, bila mpango wa vitabu zaidi.

Ushauri wangu: soma cha kwanza, usimame. Ukishindwa kujizuia, anza Rama II pale wanapoingia ndani, kisha soma The Garden of Rama mpaka wakoloni wa New Eden wanapowasili. Rama Revealed waachie wenye haja ya kusikia kiumbe anayeitwa Eagle akieleza, kwa kirefu, Mungu aliumba ulimwengu kwa ajili gani.