Kilomita za mtandaoni hazikufikishi Guangzhou

Wengi wanaotoka Lubumbashi kwenda kununua bidhaa China huanza kwa kuandika majina ya miji miwili mtandaoni. Jibu linatoka haraka: kilomita 10,090 hivi, saa 12 na kitu angani. Wanapanga safari kwa hesabu hiyo, na ni hesabu mbaya. Programu inapima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, inagawanya kwa mwendo wa wastani, basi. Kama kuna ndege inayopita njia hiyo au hakuna, haijui. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hakuna.

Kwa maoni yangu, kilomita ndizo za kuangalia mwisho. Ukipitia Nairobi, ni 1,540 kisha 8,680, jumla 10,220. Ukipitia Addis Ababa, ni 2,600 na 8,040, yaani 10,640. Tofauti ya njia hizo mbili ni nusu saa tu ya kuruka. Kinachokula siku yako ni kusubiri ndege ya pili: saa 3 au saa 14? Kupitia Kinshasa ndiko kosa la kweli. Unaruka kilomita 1,550 kuelekea magharibi, na ukitoka huko hadi Addis utakuwa umeongeza zaidi ya 1,900 bila faida.

Saa za kwenye tiketi nazo zinachanganya watu, maana kila saa ni ya mji wake. Guangzhou iko mbele ya Lubumbashi kwa saa 6. Tuseme unaondoka saa 14:00 na kufika kesho yake saa 15:00. Zinaonekana saa 25, ondoa 6, safari ni saa 19. Kurudi unajumlisha: ukitoka 00:30 na kutua Luano 13:00 siku ileile, hizo 12 na nusu ni saa 18 na nusu. Alama ya +1 kando ya saa ya kufika maana yake ni kesho yake. Asiyeiona analipia hoteli usiku ambao bado yuko angani.

Kurudi, kipande kirefu kinachukua muda zaidi, hasa Desemba hadi Februari, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi na ndege inazipanda uso kwa uso. Usipange mtu akungoje kwa kukopi muda wa kwenda.

Na tafadhali, nunua tiketi moja ya safari nzima, hata ikizidi bei kidogo. Ukiwa na mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni lolote kwako. Mizigo unaichukua mwenyewe katikati ya safari, na kwa hilo huenda ukadaiwa viza ya nchi unayopita tu. Kabla ya kulipa, muulize wa ajensi: bagaji zinaandikwa mpaka Guangzhou?