Kamera ya joto na mtu wa msituni: kinachoonekana usiku, kinachobaki asubuhi

Mwishoni mwa Desemba 2024 wanaume wawili wa Oregon waliingia msitu wa taifa wa Gifford Pinchot, jimbo la Washington, kumtafuta Sasquatch, yule kiumbe mrefu mwenye manyoya ambaye dunia imezoea kumwita Bigfoot. Mkesha wa Krismasi ukapita, hawakurudi. Watu zaidi ya 60 wakajitolea kuwatafuta. Mbwa wakapelekwa, droni zikarushwa, na Walinzi wa Pwani wa Marekani wakapekua kutoka angani kwa vifaa vya infraredi, vinavyonasa joto lisiloonekana kwa macho. Baada ya siku 3 walipatikana ndani ya pori zito, wote wawili wamefariki. Ofisi ya sherifu wa kaunti ya Skamania ilisema baridi na maandalizi duni vinaelekea kuwa ndivyo vilivyowaua.

Sitangulizi kisa hiki ili kuwacheka marehemu. Kifaa kilichotumika kuwatafuta kutoka juu ni jamaa wa kile ambacho wasakaji wa Bigfoot wamekitegemea kwa zaidi ya miaka kumi: kamera ya joto. Na kisa chenyewe kinakata kotekote. Asiyeamini atasema, tazameni, hata pori la namna ile hatimaye hutoa kilichomo. Anayeamini naye atajibu: watu wawili, wanaotafutwa na umati, bado ikachukua siku 3, mnyama anayejificha kwa makusudi je?

Kaunti hiyohiyo ya Skamania, tarehe 1 Aprili 1969, ilipitisha sheria inayokataza kumuua Sasquatch. Adhabu: faini hadi dola 10,000 na kifungo hadi miaka 5. Kwa tarehe ile ungedhani ni utani wa siku ya wajinga, lakini mwaka 1984 waliirekebisha badala ya kuifuta, na kaunti ikajitangaza kuwa hifadhi ya kiumbe huyo. Basi kwa Skamania bunduki haina nafasi. Anayetaka kuthibitisha lazima atumie macho, na usiku macho hayo ni kamera.

Upande wa wanaoitetea kamera una hoja nzito kuliko wengi tunavyodhani. Tochi humtimua mnyama. Kamera ya joto haitoi mwanga wowote, inapokea tu mnururisho unaotoka kwenye kila kitu chenye joto. Damu moto ndani ya msitu wa baridi hung'aa kama kaa la moto kwenye jivu. Askari wa wanyamapori Kenya wanalijua hili. Mwaka 2016 shirika la WWF lilipeleka kamera za aina hii Maasai Mara na Ziwa Nakuru, na huko Mara majangili waliozoea kujificha gizani wakaanza kukamatwa mmoja baada ya mwingine.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Bigfoot unatoka Sabah, kisiwani Borneo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores na wenzao walirusha droni zenye kamera za joto juu ya msitu wa mvua kutafuta orangutani. Walishirikiana na wanafalaki, kwa kuwa kutambua nukta ya joto katikati ya majani hakutofautiani sana na kutambua nyota katikati ya giza. Kwa siku 6 na safari 28 waliona orangutani 41. Nyani mkubwa, msitu mnene, kamera ikamwona. Nani atasema chombo hakifai?

Lakini hesabu ya 41 haikuishia kwenye skrini. Kila orangutani aliyeonekana kutoka juu alithibitishwa na watu waliokuwa chini. Hapo ndipo msako wa Bigfoot unapoachana na sayansi. Na wala hauachani nayo kwa sababu ya kamera.

Tuanze na kamera yenyewe inavyofanya kazi, maana mengi yanayosemwa juu yake ni ya kwenye sinema. Haioni kupitia ukuta, wala kupitia jani. Hata kioo cha dirisha huzuia mnururisho huo, ndiyo maana lenzi zake hutengenezwa kwa elementi iitwayo jerimani (germanium). Ukiilenga nje ukiwa ndani ya gari bila kushusha kioo, unaweza kupiga picha ya joto lako mwenyewe ukadhani kuna jitu nje. Ukungu na mvua, ambavyo misitu ya Washington haivikosi, hufifisha picha. Jiwe au kisiki kilichoota jua mchana kutwa huendelea kung'aa saa kadhaa baada ya magharibi, kimesimama wima, hakijongei, kama kinachokutazama.

Kisha kuna suala la pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Chukua kamera ya mkononi ambayo, ukiwa mita 300, kila pikseli moja inafunika sentimita 30. Kiumbe wa mita 2.4 atakuwa na urefu wa pikseli 8. Mabega yake, tukimpa sentimita 90, ni pikseli 3. Mwaka 1958 mhandisi John Johnson wa jeshi la Marekani aliweka vigezo ambavyo, vikiwa vimerekebishwa hapa na pale, vingali vinatumika. Kwa lugha ya pikseli, kugundua kwamba kuna kitu kunahitaji kama pikseli 2 kukata upande mwembamba wa kinachotazamwa. Kujua ni kitu cha aina gani, kama 8. Kukitambua hasa, kama 13. Na hapo ni uwezekano wa nusu kwa nusu tu. Mabega yetu ya pikseli 3 yanatosha kusema "kuna kitu". Hayatoshi kusema ni mtu au ni dubu, seuze kutaja spishi ambayo hakuna makumbusho yenye mfupa wake.

Atakayenijibu kwamba zipo kamera bora zaidi, na lenzi ndefu zaidi, namkubalia. Zipo. Ila lenzi ndefu hubana eneo linaloonekana, na usiku porini ukichungulia kwa tundu la sindano unampita mnyama aliye hatua kumi pembeni.

Manyoya nayo yana kisa chake. Manyoya mazito huhifadhi joto ndani, kwa hiyo nje huonekana baridi. Dubu wa ncha ya kaskazini karibu apotee kabisa kwenye kamera ya joto, ubaki uso na pumzi yake. Kiumbe aliyevaa blanketi la asili kama Bigfoot anavyosimuliwa angetarajiwa kung'aa usoni na kwenye viganja, mwili ukiwa hafifu. Bahati mbaya, mtu aliyevaa koti nene na kofia huonekana vivyo hivyo. Aliyevaa vazi la sokwe la plastiki pia. Tusisahau Agosti 2008, jimbo la Georgia, "maiti ya Bigfoot" iliyokuwa kwenye friza ilipoyeyuka barafu likatokea vazi la mpira. Kule kulikuwa na kitu cha kugusa, ndiyo maana uongo ulifichuka ndani ya siku chache. Picha ya joto ya mtu mwenye vazi lile, kwa umbali wa mita 300, ingebishaniwa mpaka leo.

Halafu kuna dubu mweusi, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma akitaka kunusa au kuona mbali. Mwaka 2024 jarida la Journal of Zoology lilichapisha uchambuzi wa Floe Foxon uliolinganisha idadi ya dubu weusi na taarifa za kuonekana Bigfoot katika majimbo ya Marekani na Kanada. Idadi ya watu na ukubwa wa misitu vikishazingatiwa, kila ongezeko la dubu 1,000 liliambatana na ongezeko la takriban asilimia 4 la taarifa. Hilo halimaanishi kila aliyeona aliona dubu. Lakini ukipewa pikseli 3 na pori lenye maelfu ya dubu, utaanza kudhani nini?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sitaki kuidharau hoja hii, kwa sababu kwetu imewahi kushinda. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji wa milima ya Rungwe kabla wanasayansi hawajamjua. Watafiti wakasikia, wakafuatilia, na mwaka 2005 tumbili huyo akatangazwa. Gorila wa milimani alifahamika kwa wanasayansi mwaka 1902, kutoka volkano za Virunga. Okapi akafahamika Ulaya 1901, ilhali watu wa Ituri walikuwa naye siku zote. Hata Jane Goodall, ambaye alijenga jina lake akiwatazama sokwe wa Gombe, aliiambia redio ya NPR mwaka 2002 kwamba ana hakika viumbe kama Bigfoot wapo. Mzee wa porini akisema jambo, msikilize.

Sasa tazama hao walioshinda walishindaje. Kipunji hakuthibitishwa kwa masimulizi, na picha peke yake ilizua mjadala mkali miongoni mwa wataalamu. Mmoja aliyenaswa kwenye mtego shambani ndiye aliyetoa mwili na vinasaba. Sange mwenye uso wa kijivu wa Udzungwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa aligunduliwa na kamera. Mwaka 2005 kamera ya kutega, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, ilimpiga picha msitu wa Ndundulu. Watafiti walirudi mwaka uliofuata, wakawakamata kadhaa, na mwaka 2008 spishi ikapewa jina. Kamera iliwaonyesha pa kwenda, wakaenda.

Na ukisema hayo ni ya Afrika, hata milima ya California, ambako nyayo za Bluff Creek zilizaa jina Bigfoot mwaka 1958, ina mifano yake. Februari 2008 kamera ya kutega katika msitu wa Tahoe ilimpiga picha wolverine, mnyama wa ukoo wa nyegere ambaye alihesabiwa kuwa ametoweka California tangu miaka ya 1920. Watafiti wakaokota manyoya na kinyesi, vinasaba vikajibu. Mwaka 2010, karibu na Sonora Pass, ikawa zamu ya mbweha mwekundu wa Sierra Nevada: picha moja, na mfuko wa chambo wenye alama za meno. Mate yaliyobaki kwenye mfuko yalitosha kumaliza ubishi.

Mate tu. Hii ndiyo sehemu inayonisumbua nikiusoma utetezi wa kamera za joto. Jitihada yote iko kwenye kununua chombo chenye macho makali zaidi. Kipindi cha Finding Bigfoot cha Animal Planet kilizunguka na kamera hizi kuanzia 2011 hadi 2018 na kikaisha bila kumwonyesha yeyote. Mwaka 2012 Jeff Meldrum wa Chuo Kikuu cha Idaho State aliunga mkono mradi wa Falcon, wa kurusha chombo kinachoelea kwa gesi ya heliamu chenye kamera ya joto juu ya misitu, ukitafutiwa michango ya zaidi ya dola 300,000. Wazo la kupita juu kimyakimya silibezi. Sabah imeonyesha linawezekana. Nauliza tu: chombo kikishaona nukta ya moto saa 8 usiku kwenye korongo lisilo na njia, nani atashuka kule alfajiri?

Kwa upande wa kuokota, kazi imewahi kufanyika, na majibu yalikuja. FBI walipima unywele mwaka 1977 kwa ombi la msakaji mmoja. Ulikuwa wa paa. Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Oxford na wenzake walichapisha matokeo ya sampuli 30 za nywele zilizodaiwa kuwa za nyani wasiojulikana, kutoka nchi mbalimbali. Dubu, farasi, ng'ombe na wanyama wengine wanaojulikana, na mmoja wa binadamu. Nyani mgeni hakuwamo. Haya ni matokeo yaliyoumiza, lakini ni matokeo. Mtu anaweza kuyapinga kwa sampuli ya 31. Picha ya joto haimpi mtu hata kitu cha kupinga.

Msimamo wangu ni kwamba kamera hizi zitumike, kwa sharti ambalo wasakaji wengi hawalipendi: kila usiku mtupu uandikwe kama unavyoandikwa usiku wa bahati. Eneo gani, saa ngapi, umbali gani, wanyama gani walionekana. Waliohesabu orangutani walijua walipopita na ambapo hawakupita. Daftari la namna hiyo likijazwa kwa miaka, ukimya wake utakuwa na maana, na mimi nakisia utasema hayupo. Mwenye imani anakisia vingine. Bila daftari, kila usiku mtupu unafutwa na kila doa jekundu linahifadhiwa, na kwa mwendo huo hata zimwi la hadithini lingekuwa na faili nene.

Atakayeniletea video ya joto kesho sitamuuliza kamera yake ni ya dola ngapi. Nitamuuliza kama alirudi mchana akamsimamisha mwenzake palepale, akapiga tena kwa lenzi ileile, ili urefu upimwe badala ya kukisiwa. Nitamuuliza kama alipekua magome ya miti na tope la pale. Sheria ya Skamania inakataza kuua tu. Unywele ulionasa kwenye gome hauna faini.