Heri sarafu kuliko gramu moja

Nyumbani kwetu santuri ikirukaruka, dawa ilikuwa moja: sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano. Muziki ukatulia, wageni wakaendelea kucheza, na hakuna aliyeuliza kwa nini santuri ileile mwaka uliofuata ilikuwa inakoroma.

Siku hizi wanunuzi wapya wa santuri kuukuu wamekimbilia upande wa pili. Wamesikia kwamba uzito unakwangua, basi wanaulegeza mkono unaobeba sindano hadi ukandamize kwa gramu moja tu, wanajisifu. Mimi naona heri sarafu. Sindano nyepesi mno haitulii kwenye mfereji wa santuri. Hudundadunda ikigonga kuta, na kila pigo huacha kovu ambalo hakuna wa kulifuta. Audio-Technica VM95E, katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) isiyo ya bei ya kutisha, hutaka gramu 1.8 hadi 2.2. Ipe hizo. Tena usiziamini namba zilizochorwa nyuma ya mkono. Tafuta kimizani cha dijitali, kama cha sonara, upime mwenyewe.

Wengine hukesha na karatasi ya kupimia pembe ya katriji. Si vibaya, ila mkono huzunguka kwa upinde ilhali kichwa kilichochonga santuri kilikwenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata ukipima vipi, pembe hukaa sawasawa mahali pawili tu katika upande mzima. Pima mara moja, kaza skrubu, ukalale.

Linaloniuma hasa ni santuri za kale za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na mwenye bahati ya kurithi santuri ya zama zile huipigia sindano ya LP, zile santuri za baadaye za mizunguko 33! Mfereji wake ni mpana: unataka sindano yenye ncha ya takriban mikroni 76 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na ya LP ina kama 18. Inazama hadi chini kabisa, inachota vumbi la miaka tisini, halafu mtu anasema eti wazee walirekodi vibaya.

Kusafisha sindano ni kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kidole. Na almasi ya ncha ya sindano nayo huisha. Baada ya saa mia tano hivi anza kuishuku. Ukinunua mashine iliyokwisha kutumika, badilisha sindano kabla hujaweka santuri yoyote.

Ile ya baba niliitia sindano mpya mwaka jana. Shilingi ilikuwa bado imeganda juu ya kichwa kwa gundi. Niliibandua kwa kisu.