Usiniulize Chuo, Uliza Luku

Leo tena kijana wa watu: "Shikamoo, eti Mbeya chuo gani kizuri?"

Marahaba. Kizuri kwa lipi? Uhandisi, nenda MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, upande wa Iyunga, chuo cha ufundi cha zamani kilichopanda mpaka kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Ualimu, kuna TEKU, Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Wamoravian, mtaa wa Block T. Sheria na biashara, Mzumbe wana kampasi yao. Tumemaliza vyuo. Sasa tuongee mambo ya watu wazima: wenye nyumba na Luku, umeme wa kulipia kabla.

Maana lekcha ni saa mbili, baridi ni saa ishirini na nne. Mji umekaa mita 1,700 hivi juu ya bahari, halafu mtoto wa Tanga anateremka stendi mwezi wa sita na kandambili na shuka moja. Karibu, baba.

Kwa hiyo hita, ile ya umeme ya kuchovya kwenye ndoo. Kila mpangaji anayo, hakuna anayekiri. Ndoo yenye lita 15, kutoka maji ya bomba mpaka ya kuogea, hula kama nusu yuniti. Nyumba ina vyumba vinane? Yuniti nne kila alfajiri, 120 kwa mwezi, hapo hujapiga pasi. Ile bei nafuu ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi mnaiaga tarehe ishirini haijafika, na mama mwenye nyumba anasimama koridoni na kitenge begani.

"Nani ana hita humu?"

Kimya.

"Wanangu, nauliza kwa heshima."

"Mama, mimi naoga ya baridi," anajibu mmoja, mvuke unamtoka kichwani kama sufuria la makande. Wa pili kaichomoa ikiwa ya moto, kaiviringisha kwenye taulo na kuisukumia uvunguni. Sasa taulo linafuka. Wa tatu kaiwasha ndoo haina maji, imepasuka paa! na umeme wa nyumba nzima umekatika. Wa nne kaiegemeza kwenye ndoo ya plastiki, ndoo imetoboka, maji yamemfuata mama mpaka miguuni. Na wote wanachangia Luku sawasawa, pamoja na yule mmoja asiyeoga kabisa!

Jamani, zima swichi kwanza ndipo uchovye kidole! Na ile ekstensheni ya waya mwembamba ni ya chaji ya simu, si ya wati elfu moja. Ukiona soketi inageuka kahawia, acha. Jiko la mkaa usilale nalo ndani, hilo halina utani.

Uliza kama chumba kina mita yake peke yake kabla hujalipa kodi ya miezi sita. Blanketi, soko la Mwanjelwa, likunjue lote uangalie katikati, ndiko tundu linakojificha. Viatu vyeupe rudisha kwenu. Kiangazi vumbi, masika tope, na bajaji inakushusha pale pale penye dimbwi, halafu dereva anasema hana chenji ya buku.