Bunduki ya Wenzo ya .22 kwa Mtu wa Kipato cha Kawaida

Mtu anayeishi Marekani, mwenye kipato cha kawaida, anayetaka bunduki yake ya kwanza kwa ajili ya kulenga shabaha na kuwinda wanyama wadogo kama sungura na kindi, namshauri bila kusita anunue bunduki ya wenzo inayotumia risasi za .22, yaani risasi ndogo zenye kipenyo cha takriban asilimia 22 ya inchi. Achukue ile ya bei nafuu, kisha fedha atakazookoa azipeleke kwenye risasi za mazoezi, kabati la chuma la kufungia na masomo ya mwalimu. Bunduki ya aina hii haina haraka. Kila risasi inayotoka hudai mkono usukume wenzo chini, ganda tupu liruke nje, na wenzo urudishwe juu ndipo risasi nyingine iingie chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inakokaa risasi inayongoja kufyatuliwa. Katika mwendo huo mpigaji hupata nafasi ya kufikiri, na mwalimu aliyesimama kando yake hupata nafasi ya kumwambia angoje.

Mtindo huu ni wa zamani. Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki yake ya wenzo mwaka 1860, ikibeba risasi 16 ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na risasi zake za .44, ingawa zilikuwa kubwa, zilikuwa za kuwashwa ukingoni kama hizi zetu. Katika risasi za namna hiyo, dawa ya kuwashia baruti imezungushwa ndani ya ukingo mwembamba wa kitako cha ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyoanza kuuzwa mwaka 1887, bado ndiyo inayomruhusu mtu wa kawaida kufanya mazoezi mchana mzima bila kuumia mfukoni. Haisukumi bega, mlio wake ni mdogo ukilinganisha na bunduki kubwa, na kijana anayejifunza haanzi kuogopa kishindo kabla hajajua kulenga.

Kwa upande wa chaguo, Henry H001 ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Kampuni inayoitengeneza ilianzishwa Brooklyn mwaka 1996 na kulichukua jina la yule mvumbuzi, bila kuwa mrithi wa kiwanda chake cha zamani. Bunduki hiyo hubeba risasi 15 za Long Rifle, kitako chake ni cha mbao ya mjozi wa Kimarekani, na wenzo wake ni mwepisi kiasi kwamba hata mtu asiyewahi kushika bunduki huuzoea haraka. Wapo wanaoilaumu kwa sababu kifuniko cha nje cha mtambo wake ni cha aloi (mchanganyiko wa metali) iliyopakwa rangi, wala si cha chuma cha pua. Lawama hiyo naiona kubwa kuliko kosa lenyewe, kwa kuwa risasi ya .22 haina nguvu ya kuudhuru mtambo wa namna hiyo. Udhaifu wa kweli ni kwamba mifereji ya kufungia darubini iko juu ya kifuniko hicho hicho, hivyo ukikifungua ili kusafisha ndani, yafaa uhakikishe upya kama shabaha haijahama. Ndiyo sababu nawahimiza wanaoanza waridhike kwanza na vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki.

Rossi Rio Bravo kutoka Brazili ni ya kutazamwa pia, hasa kwa anayetaka bunduki yenye kitufe cha usalama, kwa maana H001 ya kawaida haina. Browning BL-22, inayotengenezwa Japani, ni nzuri sana, na wenzo wake huzunguka nyuzi 33 tu, lakini bei yake inaitoa katika kundi ninalolizungumzia. Marlin 39A ya zamani hugawanyika vipande viwili kwa kulegeza skrubu moja, na mtutu wake husafishwa kutoka nyuma kama inavyotakiwa. Siku hizi wakusanyaji wameipandisha bei, na vivyo hivyo Winchester 9422 iliyoacha kutengenezwa mwaka 2005. Ukiipata mojawapo kwa jirani anayeuza kwa bei ya ubinadamu, usiiache.

Dukani, omba ruhusa uhakikishe chemba ni tupu, kisha uiweke bunduki begani huku umefumba macho. Ukiyafungua na kukuta vilengeo viko mbele ya jicho lako bila kukunja shingo, kitako kinakufaa. Sukuma wenzo polepole hadi mwisho na usikilize kama unakwama mahali. Usifyatue triga chemba ikiwa tupu, kwa sababu katika bunduki nyingi za .22 pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuachia alama.

Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki kuna jambo linalotangulia hata bei. Chini ya sheria ya shirikisho, mtu mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kununua bunduki, ila aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Muuzaji mwenye leseni atakupa fomu 4473, ile ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki, uijaze, na kusema uongo ndani yake ni kosa kubwa la jinai linaloweza kukuharibia makazi yako yote. Umri wa chini wa kununua bunduki ndefu kwa muuzaji huyo ni miaka 18, na baadhi ya majimbo yameweka 21. Soma sheria ya jimbo lako mwenyewe, usitegemee maneno ya kijiweni.

Jambo ninalotaka kulisema kwa mkazo zaidi ni la bomba la risasi, kwa sababu wauzaji hulipita haraka. Bunduki yenye magazini ya kuchomoa, yaani kisanduku cha risasi kinachotolewa, humwonyesha mwenyewe kama imejaa, hii haionyeshi. Ili kuitoa risasi, elekeza mtutu mahali salama, zungusha kifundo kilicho mwisho wa bomba, uvute bomba la ndani hadi nje kabisa, kisha uinamishe mtutu taratibu ili risasi ziteleze na kuanguka mkononi, ukiuweka mkono na uso kando ya mdomo wa mtutu muda wote. Hapo kazi bado. Huenda risasi moja imekwama ndani ya bomba kwa sababu ya uchafu, na huenda nyingine imekwisha kupanda kuelekea chemba. Sukuma na kurudisha wenzo mara kadhaa hata kama hakuna kinachotoka, kisha ufungue, utazame chemba kwa macho na uiguse kwa ncha ya kidole. Mtu anayeona hatua hizi ni nyingi mno hajawa tayari kuwa na bunduki hii.

Nyundo, kile kipande cha nyuma kinachoigonga pini triga ikivutwa, nayo inataka adabu yake. Kuishusha kwa kidole gumba huku risasi imo chemba ni kitendo ambacho kidole chenye jasho au baridi kinaweza kukiharibu, na mwanafunzi asikifanye kabisa. Afadhali aache chemba tupu mpaka wakati wa kulenga. Na risasi ikigoma kulipuka, abaki ameelekeza bunduki kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua wenzo, kwani dawa inaweza kuchelewa kuwaka.

Udogo wa .22 usimdanganye mtu. Risasi yake inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, na ikipiga maji au jiwe gumu hurukia upande usioutarajia. Kindi aliye juu ya tawi na nyuma yake ni anga tupu hapigwi. Husubiriwa hadi ashuke kwenye shina nene au ardhini.

Matunzo yenyewe ni mepesi. Kwa kuwa mtutu wa H001 kwa kawaida husafishwa bila kufungua mtambo, kamba ya kusafishia inayovutwa kutoka chemba kuelekea mbele ni bora kuliko fimbo ya chuma inayokwaruza mdomo wa mtutu. Panguza bomba kwa kitambaa kikavu, bila mafuta mengi yanayovuta vumbi, na unawe mikono kabla ya kula, kwa maana madini ya risasi ni sumu. Nyumbani, bunduki ikae kwenye kabati lililofungwa, risasi zikae mahali pengine palipofungwa pia, na funguo zisiwekwe mahali ambapo watoto wanapajua. Kabati hilo linunuliwe siku ile ile inaponunuliwa bunduki, na kama fedha hazitoshi vyote viwili, kabati litangulie.