Hukuchanga, halafu wewe ndiye wa kwanza juu ya farasi!

Hivi, mtu asiyechanga hata shilingi 50 anapata wapi nguvu ya kupanda farasi mara tatu?

Miezi minne, mimi mweka hazina, nimebembeleza ukoo mzima kwenye kundi la WhatsApp wachangie matembezi yetu ya pamoja. "Nitatuma jioni, dada." Jioni ya mwaka gani? Jumamosi ikafika, tukashuka Naivasha watu 60 na ushee. Waliolipa? 22. Binamu aliyekuwa hapatikani kwa simu tangu Machi ndiye wa kwanza langoni, kofia kichwani, anauliza farasi wako wapi!

Na farasi walikuwa wanne. Wanne! Watoto wamepanga foleni juani, baba mdogo yuko juu ya yule mweupe, hashuki. Anapigwa picha. Upande huu. Upande ule. Sasa ya ubavuni, ziwa lionekane. "Hii nimefumba macho, rudia!" Kijana aliyeshika hatamu ananitazama mimi, maana anajua bili ni ya nani. Farasi mwenyewe kashakata tamaa, anatafuna nyasi chini ya mgunga.

Pilau je? Iliisha kabla mpishi hajaonja. Shangazi zangu (nawapenda, lakini jamani!) walikuja na mikebe mikobani. Viboko wa Naivasha hutoka majini usiku kuja kula nyasi. Nadhani siku ile walituchungulia wakarudi.

Leo asubuhi baba mdogo kaandika kundini: "Mwakani tulale siku mbili." Wenzangu mliowahi kuwa waweka hazina, mlijitoaje?