Kitundu Kidogo, Mateso Makubwa

Jamani wenzangu wa Tanga, hivi tundu la milimita 3.5 linaweza kumnyima mtu usingizi? Linaweza! Siku ya nne leo nachomeka hedifoni mbele ya kompyuta yangu ya mezani, kimya. Nageuza pini, nachomoa, napuliza, narudisha. Kimya cha makaburini!

Nikaingia uvunguni mwa meza na tochi ya simu mdomoni. Nyuma, tundu la kijani linaimba vizuri kabisa. Sasa la mbele lina nini? Fundi wa Ngamiani akaniambia ninunue kompyuta nyingine. Kompyuta nzima, kwa kitundu? Nimefungua kava mwenyewe: waya mwembamba unaotoka mbele kwenda kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, umechomoka, unaning'inia na vumbi lake. Nimeuchomeka, sauti hiyooo!

Haya, maiki je? Hapo ndipo nilipotaka kulia. Hedifoni za simu zina pini moja yenye pete tatu nyeusi, kusikiliza na kuongea humo humo. Kompyuta yangu inataka pini mbili, ya kijani ya kusikilizia na ya pinki ya maiki. Naita "haloo, haloo" mpaka majirani wanaitika, wa upande wa pili hasikii! Kwa nini asiyeuza kigawanyio, kile kiwaya cha kugawa pini moja ziwe mbili, pamoja na hedifoni hasemi mapema?

Na sisi wa karibu na bahari, chumvi nayo inakula shaba ya matundu. Nani kati yenu hajawahi kukuta pini imeota kutu ya kijani?

Anayejua duka lenye kigawanyio cha kudumu zaidi ya wiki moja, aseme. Kesho nina kikao saa tatu.